Dada mtu atinga na dhahabu kwenye sendofu ya mdogo wake, kumbe kitambaa kilikaa kabatini miaka 7

Kwenye shughuli za mjini siku hizi, ndugu hawagombani sana kwa sababu ya mahari wala chakula. Wanagombania rangi. Kamati ikishakaa kikao cha pili tu, mtu anatupia picha ya kitambaa kwenye grupu la WhatsApp, anaandika "familia tutavaa hii", na hapo ndipo watu wanaanza kujuana. Mmoja anasema ghali. Mwingine anasema rangi hiyo inamzeesha. Wa tatu anasoma, tiki za bluu zinaonekana, na hajibu kitu mpaka siku ya kushona.

Sasa kuna familia moja ya Tabata, Dar es Salaam, ambayo kwenye grupu haikugombana hata kidogo. Wote walikubali rangi, wote walilipa, wote walishonewa kwa wakati. Moto ukawaka siku yenyewe ya sendofu, ukumbini, mbele ya wageni karibu 300. Waliokuwepo mpaka leo wanausimulia ule usiku kwa upande mmoja tu, kutegemea walikaa meza ipi.

Nyumba ile ina watoto watatu. Baba alishatangulia mbele za haki, mama yupo. Wa kwanza ni dada mtu, ana miaka 36, ni karani wa hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Katikati kuna kaka mtu, mkazi wa Kigamboni, mtu wa utani na kuchelewa pantoni. Wa mwisho ni mdogo mtu, miaka 29, anafanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na ndiye aliyeposwa. Sendofu ilipangwa Jumamosi kwenye ukumbi mmoja wa Sinza, na harusi Jumamosi inayofuata.

Mweka hazina wa kamati alikuwa dada mtu. Hapo hakukuwa na mjadala. Katika ukoo ule, ikitajwa harusi, daftari la michango linapelekwa kwake hata kabla mwenyekiti hajapatikana. Anajua nani ameahidi, nani amelipa nusu, na nani akipigiwa simu anajifanya yuko mkutanoni. Kwa sendofu hii alikusanya michango, akalipa ukumbi, akamlipa mpishi, akabishana na mtu wa muziki mpaka akapunguza bei.

Sare ya familia ikachaguliwa kijani cha zumaridi. Kitambaa kilinunuliwa Kariakoo kwa jumla, kila mtu akachangia shilingi 65,000, ushonaji juu yako. Dada mtu alikuwa wa kwanza kulipa.

Ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati anaweza kuuliza kwa nini watu wazima wapate presha kwa sababu ya kitambaa. Ila sare haikuletwa na Instagram. Vikundi vya ngoma vya pwani, lelemama ya akina mama na beni yenye madoido ya kijeshi, vilikuwa vinashindana kwa mavazi tangu enzi za ukoloni. Kundi hili likitoka na nguo mpya, kundi pinzani linakesha kutafuta ya kulizidi. Nigeria, Wayoruba wana neno lao kabisa, aso ebi, nguo ya familia. Maana ni ileile kila mahali: aliyeivaa ni wa hapa, na asiyeivaa atatazamwa.

Halafu kuna rangi ya mwenye shughuli. Siku ya harusi bibi harusi wengi hawachagui, wanavaa nyeupe. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na gauni jeupe mwaka 1840, watu wakaiga, mtindo ukasambaa mpaka huku. Kwa hiyo kwa binti wa Kitanzania siku ya kuchagua rangi yake mwenyewe ni ile ya sendofu. Ndiyo maana wengine wanaificha kama siri ya serikali.

Mdogo mtu naye aliificha. Alipata fundi Mwananyamala, akampa lesi ya rangi ya dhahabu iliyofifia, akashonewa gauni refu lenye shanga kifuani. Aliyejua ni fundi na mpambe wake basi. Mama hakuambiwa. Dada hakuambiwa. Kwenye grupu aliandika tu: "Familia kijani, yangu mtaiona siku hiyo." Akaweka na vikatuni vya kucheka.

Hapo kwenye mpambe napo pana jambo. Mpambe ndiye anayeingia na bibi harusi ukumbini, anamshikia mkia wa gauni, anamfuta jasho, yumo kwenye kila picha. Familia nyingi zinataka awe mwanamke aliyeolewa, eti ili amwonyeshe njia mwenzake. Mdogo mtu akamchukua mtoto wa mama mdogo, binti wa miaka 27 mwenye ndoa ya miaka miwili. Tangazo likapita kwenye grupu kati ya bei ya keki na ramani ya ukumbi. Dada mtu akajibu neno moja: "Sawa."

Na kabla ya hapo kuna lingine, siku ya mahari. Kwa baadhi ya makabila, mdogo akiolewa kabla ya mkubwa wake, upande wa mume unatoa kitu kidogo kwa ajili ya yule aliyerukwa. Ni heshima, ni kama kuomba njia. Wazee wakakiandika kwenye orodha baada ya blanketi na ndoo ya asali: kitenge pea moja na shilingi 100,000, cha dada mtu. Wakwe wakatoa bila tabu, wazee wakacheka, wakaendelea na kinachofuata. Dada mtu alikuwa jikoni anaosha masufuria. Kitenge kikaletwa kwenye mfuko wa plastiki, kikawekwa juu ya friji, na aliyekileta akasema, "Hiki chako, cha kurukwa." Basi. Pesa yake aliiingiza kwenye mchango.

Ikafika Jumamosi. Mchana wanawake wa familia walikuwa saluni, vichwa vimejaa roli, kelele za mashine za kukaushia nywele. Mama mdogo akamwinamia dada mtu akamwambia, kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Mwanangu, wakati wa kuingia wewe usikae sana mbele. Unawajua watu. Wasije wakaanza maswali yao ya mkubwa yuko wapi, mbona mdogo ndiye. Simama nyuma na watoto, utakuwa na amani."

Alisema kwa mapenzi yake yote, na hapo ndipo penye shida na maneno ya namna hiyo. Yangekuwa kijembe, dada mtu angejibu. Akacheka tu, akamlipia mama nywele, akapanda bajaji kurudi nyumbani kuvaa.

Chumbani kwake zilikuwa zimetundikwa nguo mbili. Ya kwanza ni sare ya kijani, imepigwa pasi, haina hata mkunjo. Ya pili alikuwa ameishona wiki mbili nyuma kwa fundi wa mtaani kwao, na mpango wake ulikuwa aivae baada ya chakula, muziki ukifunguka, kama wanavyofanya wanawake wengi wanaobeba nguo ya kubadilisha kwenye begi. Hiyo ya pili ilikuwa lesi. Dhahabu iliyofifia.

Akaitazama ya kijani. Akavaa ya dhahabu.

Ukumbini, MC alianza kama kawaida, akaita familia ya bibi harusi ijitokeze mbele ijitambulishe. Wakapanga mstari: mama, mama mkubwa, mama mdogo, mashangazi, kaka mtu na tai yake ya kijani, watoto. Kijani, kijani, kijani, halafu dhahabu inayong'aa chini ya taa. MC hakuwa anajua lolote, kazi yake ni kuchangamsha watu. Akasema kwenye kipaza sauti:

"Wageni waalikwa, mbona bibi harusi ameingia kabla sijamwita? Au leo tunao wawili?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na spika zile zilikuwa zinasikika mpaka nje kwenye maegesho, ambako mdogo mtu alikuwa amesimama na mpambe wake, shada mkononi, akisubiri wimbo wake wa kuingilia.

Aliingia akitabasamu. Waliokuwa karibu na mlango wanasema tabasamu lile lilikuwa limebandikwa. Alipofika katikati ya ukumbi akamwona dada yake, rangi ileile, kitambaa kinachofanana utadhani wamekatiwa kwenye jora moja. Meza za wageni zikaanza kunong'ona. Wapo waliosema pacha. Wapo waliosema ushindani. Kuna mama mmoja alisema kabisa, "Huyo mkubwa ana lake jambo."

Kilichomaliza kazi ni shampeni. Wageni walipanga foleni kugonga glasi na bibi harusi, meza kwa meza, familia ndiyo wa kwanza. Mama akagonga. Kaka mtu akagonga na utani wake. Dada mtu akafika, akanyanyua glasi. Mdogo mtu akaiacha glasi yake chini, usawa wa tumbo, akageuza macho kwa anayefuata. Dada mtu alisimama pale kidogo, glasi hewani, kisha akaishusha, akapita.

Binamu mmoja alikuwa anarekodi. Video ya sekunde 11 ikawa kwenye status yake kabla watu hawajaanza kula.

Jumapili grupu la familia liliwaka. Waliokuwa upande wa bibi harusi walisema ile ni roho mbaya ya mchana kweupe: sare ulilipia, sare ulishona, unaiachaje nyumbani uje na rangi ya mwenye shughuli? Upande wa pili wakasema rangi ilikuwa siri, angejuaje, na kwani dhahabu ina hati miliki? Kaka mtu akajaribu kuweka mzaha, akaambiwa anyamaze.

Jioni mdogo mtu akatuma ujumbe wa sauti. Dakika mbili hivi, analia, anaongea kwa kukatika. Watu walishasahau mengi aliyoyasema mle, isipokuwa sentensi moja: "Yako iliharibika, ukaona uje uharibu na yangu."

Grupu likawa kimya. Robo saa ikapita. Kisha dada mtu akatuma faili. Halikuwa jibu. Lilikuwa hesabu ya sendofu nzima: michango yote jina kwa jina, matumizi yote risiti kwa risiti, na salio la shilingi 214,500 ambalo alisema ameshalituma kwenye simu ya mama. Dakika hiyohiyo grupu likaonyesha kwamba ametoka.

Jumatatu, shangazi akaja kutoka Morogoro. Alikuwa aje Alhamisi kwa ajili ya harusi, akasogeza safari. Hakuitisha kikao, hakumwita mtu aombe radhi. Aliingia chumbani kwa bibi harusi, akakaa kitandani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Ile nguo ya dada yako ilinunuliwa lini?"

"Si juzi tu, shangazi. Kuna mtu alimwambia navaa dhahabu."

"Ilinunuliwa mwaka ule uko chuoni Dodoma. Nilikwenda naye mwenyewe Kariakoo, tukazunguka mpaka miguu ikavimba. Ilikuwa ya sendofu yake."

Mdogo mtu alikuwa anajua kwamba dada yake aliwahi kuchumbiwa na mambo hayakwenda. Nyumbani lilisemwa hivyohivyo, "hayakwenda", na kwa kuwa alikuwa mbali, na mwenye nalo hakulizungumza, hakuuliza. Shangazi akamsimulia yaliyobaki.

Miaka saba nyuma barua ya posa ilikuja, sehemu ya mahari ikalipwa, kamati ikakaa vikao vinne. Wiki tano kabla ya siku, upande wa mume ukapiga simu kusema kijana wao hataendelea. Baadaye ikajulikana alikuwa na familia nyingine mkoani. Wazee walirudishiana mahari yao. Ila michango ilikuwa imeshakusanywa, na hakuna aliyetaka kuigusa aibu ile, kila mtu akawa anamwangalia mwenzake.

Dada mtu akachukua daftari mwenyewe. Watu 61. Kila jioni akitoka kazini alikuwa anakaa sebuleni na simu, anarudisha pesa mmoja baada ya mwingine. Waliokuwa wanampigia kumpa pole, alikuwa anawaambia, "Nashukuru sana. Naomba unithibitishie kama imefika." Waliokataa kurudishiwa aliwatumia hivyohivyo. Ilimchukua wiki mbili, na hela ya kutumia alitoa mfukoni kwake. Hakuna hata mmoja aliyepunjwa senti.

"Ndiyo maana kila harusi ya ukoo huu daftari anapewa yeye," shangazi akasema. "Tuligundua anaaminika. Hatukuwahi kujiuliza tulimgundulia wapi."

Kitambaa kikabaki kabatini, kimefungwa ndani ya khanga. Mara mbili alitaka kukiuza, ikashindikana. Mwaka huu akaona bora kishonwe, kichezewe muziki kwenye shughuli ya mdogo wake, kiishe. Ndivyo alivyomwambia shangazi wiki mbili kabla.

Jumatano usiku shangazi akawaweka wote wawili chumbani kwa mama, akaenda zake kupika. Walikaa muda mrefu bila kusema. Aliyeanza ni mdogo mtu, na hakuanza na samahani.

"Dada, mimi nimevaa nguo zako tangu nazaliwa. Sketi za shule zako. Sweta lina jina lako kwenye kola, mwalimu ananiita jina lako. Gauni la Krismasi lako. Mahafali ya kidato cha nne nilivaa gauni lako limepunguzwa kiuno. Hii ndiyo nguo ya kwanza nimechagua mwenyewe, nimelipia mwenyewe, haijawahi kukaa mwilini kwa mtu. Niko mlangoni nasikia MC anasema bibi harusi ameshaingia."

Dada mtu alikaa kimya. Hilo la nguo za kurithi kwake lilikuwa jambo la kawaida tu la nyumba yenye watoto watatu na mshahara mmoja. Hakuwahi kudhani kwamba aliyekuwa anazipokea alikuwa anahesabu.

"Rangi yako sikuijua," akasema. "Mungu shahidi. Ila kijani nilikuwa nacho, kimepigwa pasi, nikakiacha makusudi. Sitakudanganya. Nilichoka kuambiwa nisimame nyuma."

"Nani alikwambia usimame nyuma?"

Akamwambia. Mdogo mtu akafunika uso.

"Na mpambe?" dada mtu akauliza. "Hilo nalo nililisoma kwenye grupu, chini ya bei ya keki."

"Mama mdogo alisema lazima awe ameolewa. Nikaona aibu kukwambia uso kwa uso."

"Ungeniambia ningekubali. Nilitaka tu nisikie kwako."

Hapo dada mtu akainuka, akatoka, akarudi na mfuko wa plastiki. Kile kitenge. Karatasi ya dukani ilikuwa bado imebandikwa.

"Hiki walikiweka juu ya friji. Wazee wamelipwa, wakwe wamelipa, orodha imefungwa. Hakuna aliyekuja kuniuliza kama naruhusu."

Mdogo mtu alikitazama kile kitenge kwa muda. Halafu akapiga magoti, si kwa maigizo, kwa namna mabinti wa nyumba ile walivyofundishwa kumsalimia mkubwa, akasema, "Dada, naomba nipite."

"Pita, mdogo wangu. Pita kwa heri."

Wakalia wote wawili mpaka shangazi akagonga mlango kuuliza kama chakula kipoe.

Ingependeza kusema yote yakaisha pale. Hayakuisha. Mdogo mtu alipotaka kuutaja ule ujumbe wa sauti, dada mtu alimkatiza: "Nilikusikia mara moja, inatosha. Usinitumie mwingine wa kuufuta. Ukitaka kusahaulika utasahaulika wenyewe." Grupu hakurudi. Mama mdogo mpaka leo anaamini alitoa ushauri mzuri. Na ile video, binamu aliifuta, lakini ilishachukuliwa na watu, kila baada ya muda inaibuka mahali na maneno mapya juu yake, na kila anayeiweka anajua kabisa nani mwenye roho mbaya.

Siku ya harusi sare ya familia ilikuwa maruni. Dada mtu aliivaa, akaingia akiwa amemshika mama mkono, akakaa meza ya mbele. Hakuna aliyemwambia asogee. Ilipofika zamu ya shampeni, bibi harusi alinyanyua glasi kwanza, dada yake hajafika hata mbele yake. Wakagonga. Hiyo hakuna aliyeirekodi.

Ukiuliza nani alikosea, kila mtu ana wa kwake. Ni kweli kwamba rangi ya mwenye shughuli ni yake, na mtu mzima mwenye sare kwenye henga anajua anafanya nini akiiacha. Ni kweli pia kwamba mtu hawezi kubebeshwa daftari la kila harusi, akafichwa nyuma kwenye picha, halafu watu washangae siku anapotokea mbele. Sare inaweza kuonyesha nani ni ndugu. Nani aliulizwa na nani alitangaziwa tu, hilo kitambaa hakisemi.

Na mengi ya haya yangezuiwa kwa bei ya vocha. Kama rangi yako ni siri, basi angalau taja rangi ambazo hutaki nyingine ukumbini: "wapendwa, dhahabu na krimu tusivae." Siri yako inabaki, na mwenye nguo kabatini anapata nafasi ya kusema. Mwenye nguo ya kubadilisha naye aseme mapema anayo ya rangi gani. Na lile jambo gumu, la fulani kutokuwa mpambe au fulani kurukwa, lisipitishwe kwenye grupu. Nenda ukakae naye. Kama una aibu ya kumwambia, hiyo aibu ndiyo ushahidi kwamba anastahili kuambiwa.

Kaka mtu naye sasa anaoa, Desemba. Kikao cha kwanza kilifanyika nyumbani kwa mama, na kama kawaida mwenyekiti akasukuma daftari kuelekea kwa dada mtu. Akalirudisha katikati ya meza. Akasema safari hii atakuja kama dada wa bwana harusi, atakula, atacheza, atavaa. Watu wakatazamana. Mdogo mtu akanyoosha mkono akalichukua.

Wiki ya pili tu, saa nne usiku, akampigia dada yake simu amechoka hoi: watu wameahidi hawatoi, mmoja amemzima simu, mwingine anasema alishalipa na jina lake halipo.

Dada mtu akacheka mpaka akakohoa.

"Karibu kazini," akamwambia. "Haya, nisomee majina. Tuanze na huyo aliyezima simu."